Kupiga piano na kuimba jazi peke yako: mkono wa kushoto, maiki, na maneno ya Kiswahili

#1 MwanaKinanda (mleta uzi)

Wakuu, uzi huu ni wa wanaoimba jazi huku wakijipigia piano wenyewe. Hakuna besi wala ngoma. Kinywa kimoja, vidole kumi.

Swali linalorudi kila mara ni "nipige kodi gani?" (kodi za muziki, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja; watoza ushuru wa TRA wasije hapa). Kodi mtazijua, vitabu vimejaa. Kinachowashinda wengi ni kujua wakati gani wasipige kitu.

Tuanze na mkono wa kushoto, maana huo ndio bendi yako. Mpiga piano mwenye mpiga besi pembeni anaweza kupiga kodi zisizo na mzizi (noti inayoipa kodi jina lake), kwa sababu mzizi unapigwa na mwenzake. Ukizihamishia kodi hizo kwenye kazi ya peke yako, msikilizaji hajui nyumba iko wapi, na wewe unayeimba unaanza kuteleza nusu noti bila kujua. Kosa la upande wa pili ni kuogopa utupu: mtu anapiga kodi nzima ya noti nne kule chini. Matokeo yake ni tope, kwa sababu noti za chini zikikaribiana mitetemo yake hugongana na sikio halizitenganishi.

Kanuni ninayoitumia: chini ya ile C iliyo oktavu moja chini ya C ya katikati, noti mbili zisikaribiane kuliko umbali wa tano (hesabu noti za ngazi, ile ya chini ikiwa ya kwanza). Mzizi na ya saba, sawa. Mzizi na ya tano, sawa. Mzizi na ya tatu yake, ipandishe oktavu moja iwe ya kumi.

Mfano kwenye ufunguo wa G (wimbo ambao nyumba yake ni G), mwendo wa pili–tano–kwanza, yaani kodi zinazojengwa juu ya noti ya pili, ya tano na ya kwanza ya ngazi:

Am7: kushoto A na G, kulia C na E
D9: kushoto D na F#, kulia C na E
Gmaj7: kushoto G na F#, kulia B na D

C ya mkono wa kulia ndiyo C ya katikati. Angalieni kinachotokea: kutoka kodi ya kwanza kwenda ya pili mkono wa kulia haujasogea kabisa. Kushoto, G imeshuka nusu hatua kwenda F#, kisha F# imekaa pale pale. Noti nne tu kila kodi, na hakuna aliyekosa kitu. Akili inabaki huru kwa ajili ya maneno.

#2 tope_la_besi

Nakazia hapo kwenye ya kumi. Kwenye piano ya kawaida oktavu moja ni takriban sentimita 16.5, na ya kumi kutoka C hadi E ni kama sentimita 21 kutoka katikati ya kitufe hadi katikati ya kitufe. Mikono mingi haifiki, na kulazimisha kunaumiza mshipa wa kidole gumba. Usilazimishe. Piga mzizi juu ya pigo, shika kwa pedali, kisha kidole gumba kifuate na ya kumi. Mzizi ndio uwe kwenye pigo. Wanaoanguka hapa ni wale wanaoupiga mzizi kabla ili ya kumi ndiyo iangukie pigo. Wimbo mzima unasikika kama unajikwaa.

Na pedali: badilisha kila mzizi unapobadilika. Mguu unainuka kidole kinapogusa mzizi mpya, kisha unarudi chini mara moja. Ukiinua mapema kunakuwa na shimo, ukichelewa kodi mbili zinachanganyika.

#3 Noti Bluu

Anayetaka kusikia kazi hii ikifanywa na mwenyewe, atafute albamu ya Nina Simone ya 1969 inayoitwa *Nina Simone and Piano!* Jina limesema yote. Huyu mama aliandaliwa kuwa mpiga piano wa klasiki. Mwaka 1954 alipata kazi ya kupiga piano kwenye baa ya Midtown, Atlantic City, na mwenye baa akamwambia kama anataka kuendelea na kazi basi aimbe pia. Ndiyo maana mikono yake haisikiki kama mikono ya mwimbaji anayejisindikiza. Inajibu, inabisha, saa nyingine inaimba wimbo mwingine kabisa. Kwenye albamu yake ya kwanza kuna balladi (wimbo wa polepole) ambayo chini yake ameufuma wimbo wa zamani wa Krismasi, na mambo mawili hayo yanatembea pamoja bila kukanyagana.

Tahadhari kwa wanaoanza: msianze kumwiga hapo. Lile ni zao la miaka ya mazoezi ya muziki wa Bach.

Shirley Horn wa Washington ndiye mwalimu bora wa kunyamaza. Mara nyingi alikuwa na besi na ngoma, ila msikilize mkono wa kulia tu: anaimba mstari, kimya, kodi moja, kimya. Mpiga tarumbeta Miles Davis alimwalika afungue onyesho lake pale klabu ya Village Vanguard, New York, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Miles hakuwa mtu wa kupenda noti za ziada.

#4 alto_wa_pwani

Swali kwa mleta uzi. Mkono wa kulia upige melodi pamoja na sauti au la? Kwaya zetu zimetuzoesha kinanda kifuate sauti noti kwa noti.

#5 MwanaKinanda

La. Kwenye kwaya kinanda kinafuata melodi ili watu 30 wasipotee. Wewe uko peke yako na melodi unaijua. Ukiipiga huku unaiimba, yanaharibika mambo mawili. Kwanza, piano haiwezi kupinda noti, wewe unaweza, na utamu wa jazi uko kwenye kupinda; kila ukipinda, piano inakusuta hadharani. Pili, sauti inafungwa kwenye pigo. Huwezi kuchelewesha neno kama kidole chako kimeshalitamka.

Mkono wa kulia una sehemu tatu tu za kukaa: chini ya sauti, juu kabisa ya sauti (oktavu nzima, kwa upole), au mapajani. Sehemu ya nne, pale pale sauti ilipo, iachie sauti.

#6 Noti Bluu

Napinga kidogo. Kwenye wimbo mpya, wimbo wako mwenyewe ambao hakuna anayeujua, kupiga melodi mara moja kwenye utangulizi kunasaidia sikio la msikilizaji. Bari nne (vipande vinne vya mapigo) za mwisho za wimbo, piga kama utangulizi, halafu kaa kimya na uanze kuimba. Lakini chini ya sauti, nakubali, hapana.

#7 MwanaKinanda

Utangulizi sawa kabisa. Na noti ya juu ya kodi ya mwisho kwenye utangulizi iwe noti yako ya kwanza ya kuimba. Unajipa sauti bila mtu kugundua.

#8 mdau_wa_saba

Mimi nina kinanda chenye kitufe cha kuhamisha ufunguo. Kwa nini nijifunze wimbo kwenye funguo nyingine wakati naweza kubonyeza tu?

#9 tope_la_besi

Kwa sababu siku utakayokuta piano ya mbao hakuna kitufe. Na kwa sababu utasahau kukirudisha. Wimbo wa pili utauanza nusu noti juu na utajua ukifika kwenye noti ya juu kabisa.

Ufunguo unachaguliwa na koo. Fanya hivi: tafuta noti ya chini kabisa unayoweza kuishikilia kwa sauti ndogo kwa sekunde 4 bila kukwaruza. Tafuta ya juu kabisa kwa sauti ndogo vilevile, si kwa kupiga kelele. Kisha angalia noti ya juu ya wimbo na uishushe hadi ikae angalau hatua nzima chini ya kikomo chako, maana saa tatu usiku, ukumbi ukiwa na kiyoyozi, kikomo kinashuka. Nyimbo nyingi za jazi kwenye vitabu zimeandikwa kwa ajili ya ala. Waimbaji wengi wa kike huzishusha kwa umbali wa nne au tano ili zikae kwenye sauti ya kifua na ya kuongea. Hapo ndipo maiki inapopenda.

Ukishusha, hakikisha mkono wa kushoto haujazama topeni. Kodi uliyokuwa unaipiga vizuri kwenye C, kwenye G ya chini inaweza kukataa. Panga upya, usihamishe tu.

#10 FundiMitambo

Nimekuja upande wa vyombo, maana huku ndiko onyesho la mtu mmoja linapofia.

Piano ya mkia (ile kubwa ambayo nyuzi zake zimelala): mpigaji awe na upande wake wa kulia kwa watazamaji, ili mfuniko ufungukie kwao. Stendi ya maiki yenye mkono mrefu isimame upande wake wa kushoto, mkono upite juu ya vitufe. Ukiiweka kulia inamziba uso, na wanaolipa wamelipa kumwona. Stuli iwekwe kwanza, viwiko viwe sawa na vitufe au juu kidogo, ndipo maiki ifuate mdomo. Wengi wanafanya kinyume: maiki inakaa juu, mwimbaji anainua kidevu usiku kucha, koo linakaza na noti za juu zinakuwa nyembamba.

Umbali sentimita 3 hadi 8 kutoka mdomoni. Ukisogea karibu zaidi besi ya sauti inavimba. Inafaa kwenye mstari wa kunong'ona, haifai wimbo mzima. Mwimbaji na mpiga piano Blossom Dearie alikuwa na sauti ndogo kabisa, kama ya mtoto, na alijenga maisha yake ya kazi juu ya maiki na ukumbi ulionyamaza. Hakuhitaji kupaza.

Maiki ya kadioidi, kama SM58, mgongo wake hausikii. Mwimbaji akiangalia mbele, mgongo wa maiki unaelekea kwenye nyuzi za piano. Bahati nzuri hiyo, itumie: ielekeze sawasawa. Tatizo ni monita, ile spika inayomrudishia mwimbaji sauti yake. Ukitumia maiki ya supakadioidi (inayosikia eneo jembamba zaidi mbele), sehemu isiyosikia vizuri iko kwenye pembe ya takriban digrii 120 kila upande, kwa hiyo monita ikae pembeni, mbele kidogo upande wa kushoto. Ukiiweka nyuma moja kwa moja kama ulivyozoea na kadioidi, itapiga miluzi.

Kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti): kata masafa ya chini ya hezi 100 kwenye maiki ya sauti ya kike, 80 ya kiume. Unachokikata si sauti, ni mkono wa kushoto unaovujia humo. Tope likibaki, punguza desibeli 3 hivi kwenye hezi 250 hadi 300 upande wa piano.

Maiki mbili za kondensa (aina nyeti inayohitaji umeme) ndani ya piano, moja upande wa noti za juu karibu na nyundo, nyingine upande wa besi, sentimita 20 hadi 30 juu ya nyuzi, umeme wa volti 48 ukiwa umewashwa. Ukumbi wa watu 40 wenye piano ya mkia ya kweli? Usiweke maiki kwenye piano kabisa. Ongeza sauti ya mwimbaji kidogo tu hadi ilingane nayo. Na kila mara anza na sauti, halafu piano ipandishwe mpaka ikae chini yake. Ukianza na piano utaishia kufukuzana na vipimo hadi mwisho.

#11 mdau_wa_saba

Na sisi wa vinanda vya umeme? Piano ya mkia naiona hotelini kwa mbali.

#12 FundiMitambo

Mambo manne, mkuu.

Moja, kama mikisa yako inapokea waya mmoja tu, tumia tundu lililoandikwa L/MONO. Ukichukua kushoto na kulia ukavichanganya kwenye mikisa kuwa kimoja, sampuli za stirio zinafutana baadhi ya masafa na piano inakuwa nyembamba, kama inatoka ndani ya debe. Watu wanalaumu kinanda bure.

Mbili, zima mwangwi wa kinanda chenyewe. Weka mwangwi mmoja kwenye mikisa, sekunde 1.2 hadi 1.5, sauti na piano vyote viingie humo. La sivyo mwimbaji anasikika yuko sebuleni na piano yake iko kanisani.

Tatu, pedali. Vinanda vingi hukagua pedali pale vinapowashwa. Ukiwasha huku umeikanyaga, au ukachomeka waya baadaye, inageuka: ukiinua mguu noti zinashikilia, ukikanyaga zinakatika. Dawa yake ni kuzima, kuondoa mguu, na kuwasha tena. Usianze kumtafuta fundi.

Nne, umeme. Ukikatika, piano ya mbao inaendelea na onyesho linakuwa tamu zaidi. Kinanda kinakufa katikati ya neno. UPS ndogo ya kompyuta (betri ya akiba) inakishikilia kinanda muda wa kutosha kumaliza wimbo, kwa sababu vingi vinakula wati chache tu. Spika usiziunganishe hapo. Na mkisikia muungurumo wa umeme, tumieni swichi ya kutenganisha ardhi kwenye DI boksi (kisanduku kinachounganisha kinanda na mikisa). Ule mchezo wa kung'oa pini ya ardhi kwenye plagi unaua watu.

#13 alto_wa_pwani

Piano za mbao Unguja na Mombasa zinapanda sauti msimu wa mvua. Hapo inakuwaje?

#14 tope_la_besi

Ubao wa sauti unavimba kwa unyevu na kukaza nyuzi, hasa za katikati. Piano hupendelea unyevu wa karibu asilimia 42 na usiobadilika. Pwani hilo ni ndoto bila chombo cha kukausha hewa. Vitufe navyo vinanasa.

Ila wewe uko peke yako. Piano yote ikipanda sawasawa hakuna wa kugombana naye, hakuna saksofoni. Kinachoua ni nyuzi tatu za noti moja kutofautiana zenyewe kwa zenyewe, maana hapo sikio lako halina mahali pa kuegemea. Muda wa fundi ukiwa mfupi, mwambie asawazishe nyuzi za kila noti kwenye oktavu tatu za katikati na aachane na kurudisha piano nzima kwenye 440 (kiwango cha kawaida, A ikiwa hezi 440). Kurudisha kiwango chote kunahitaji kupitia zaidi ya mara moja, na ikifanywa mchana wa onyesho piano itahama tena kabla ya wimbo wa tatu.

#15 alto_wa_pwani

Asante. Sasa nami nichangie la maneno, maana naona watu wanatunga jazi ya Kiswahili na inasikika kama tafsiri.

Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Maana yake karibu kila mstari unaishia na silabi nyepesi. Melodi inayopanda na kutua kwa kishindo kwenye noti ya mwisho haitufai, inalazimisha "nimechoKA". Melodi inapaswa kutua mapema, kisha idondoshe silabi moja.

Chukueni mizani 8, "nami bado nakungoja", bari mbili za mapigo manne manne. Ukiweka mzani mmoja kila pigo umepata wimbo wa paredi. Badala yake: pigo la kwanza nyamaza. *Na-mi* kwenye la pili, *ba-do* kwenye la tatu, *na-ku* kwenye la nne, nusu nusu. *NGO* itue pigo la kwanza la bari ya pili na ivutwe. *Ja* idondoke nusu ya pigo la pili. Mapigo mawili yaliyobaki ni ya mkono wa kulia. Umepata mkazo mahali pake, pumzi, na nafasi ya piano kujibu.

Hesabu hii inakutana na ushairi wetu vizuri. Mshororo wa mizani 16, ukwapi 8 na utao 8, unaingia bari nne. Mishororo minne ni bari 16. Wimbo wa jazi wa bari 32 una A, A, B, A (A ni sehemu inayorudiwa, B ni ya katikati iliyo tofauti), kila moja bari nane, yaani mishororo miwili miwili. Kwa hiyo B ni mishororo miwili inayobadilisha vina, na hapo hapo kodi zihame. Msibadilishe vina halafu kodi zikabaki nyumbani.

Vina: silabi moja ya mwisho inatosha kwenye karatasi, kwenye jazi haitoshi, kwa kuwa inaangukia noti nyepesi na sikio halikamati. Anzia kwenye irabu yenye mkazo: *ngoja* na *pamoja*. Oja, oja.

Na muwe macho na *mtu*, *nchi* na wenzao. Mkazo uko kwenye m na n. Noti ndefu ikiangukia hapo unavuta mdomo ukiwa umefungwa. Ni mvumo mzuri karibu na maiki kwenye wimbo wa polepole. Kwenye wimbo wa kasi neno linapotea.

#16 Noti Bluu

Hili la "nafasi ya piano kujibu" ndilo nililokuwa nalitafuta kwa Kiingereza miaka yote. Silabi nyepesi ya mwisho inafungua mlango yenyewe. Mpiga piano na mtunzi Dave Frishberg, aliyefariki 2021, alikuwa anaandika maneno mengi yaliyobanana halafu piano inaingia kwenye nukta. Sisi lugha imeshatupa nukta.

#17 mdau_wa_saba

Mikono na mdomo wangu vinafungamana. Neno likichelewa, mkono nao unachelewa.

#18 MwanaKinanda

Kawaida. Mkono wa kulia unafuata silabi bila ruhusa. Panga hivi, wimbo mmoja, mapigo 60 kwa dakika, metronomu ikigonga la pili na la nne tu:

1. Mzizi tu mkono wa kushoto, ongea maneno kama unasimulia. Usiimbe.
2. Mzizi tu, imba.
3. Ongeza ya saba au ya kumi, imba, na makusudi chelewesha kila mstari kwa pigo moja zima. Mkono usisogee.
4. Mkono wa kulia uingie kwenye mapengo tu. Mdomo ukifunguka, mkono uinuke kabisa juu ya vitufe.
5. Sasa ndipo uruhusu kodi chini ya sauti, moja kwa bari.

Usiruke ya 3. Ukishindwa, rudi ya 1, usipunguze kasi. Kasi ndogo zaidi ni ngumu zaidi. Kwenye mapigo 50 bari moja ni sekunde 4.8, na kwenye vinanda vya bei nafuu noti inakuwa imekufa kabla bari haijaisha. Hapo gonga tena noti ya ndani kwenye pigo la tatu, kwa upole, mzizi uuache.

Wimbo wa kasi ya wastani, piano ikichukua zamu yake, usicheze bari zote 32 bila besi. Cheza A mbili, bari 16, kisha ingia na sauti kwenye B. Msikilizaji hachoki na mkono wa kushoto haukimbii.

#19 mdau_wa_saba

La mwisho: namaliziaje? Naishia kupiga ngazi kuelekea juu mpaka vitufe viishe.

#20 tope_la_besi

Acha hizo ngazi. Rudia mstari wa mwisho mara tatu, mara mbili za kwanza uende kodi ya tatu–sita–pili–tano badala ya kurudi nyumbani, ya tatu utue. Silabi nyepesi ya mwisho iseme bila piano, kodi ije baada yake, mzizi chini na noti tatu juu. Pedali ibaki chini mpaka nyuzi zinyamaze, kisha inua mguu polepole, maana ukiuachia ghafla dampa (vizuizi vinavyonyamazisha nyuzi) zitazigonga nyuzi na zile kondensa za FundiMitambo zitauokota huo mlio hadi kiti cha nyuma.